Swali la Gari Kabla ya Nusukaputi

Mwaka ulikuwa 2011, mvua za masika zilikuwa zimechelewa kwa majuma mawili, nami nilikuwa na umri wa miaka arobaini na minane na nusu. Nusu hiyo ninaitaja kwa sababu ni yangu. Nilizaliwa Oktoba 1962, nikaacha shule nikiwa darasa la nne, nikarudi nikiwa mama wa watoto wawili, na mtihani wa darasa la nane niliufanya mwaka 1993 nikiwa na miaka thelathini na mmoja. Jambo la kwanza nililoandika ubaoni bila kosa katika darasa la watu wazima lilikuwa tarehe ya siku hiyo. Tangu hapo sijaacha kuandika tarehe, na kalenda zangu zote ziko katika sanduku chini ya kitanda. Mtu akinibishia siku, ninalivuta sanduku.

Ninawaandikia ninyi vijana mnaoanza kazi katika chumba cha kuamkia, chumba kile anamoletwa mgonjwa akitoka kupasuliwa, kabla nusukaputi haijamtoka yote kichwani. Nilikaa humo miaka ishirini kasoro miezi michache, katika hospitali ndogo ya Kawangware yenye chumba kimoja cha upasuaji, na nilistaafu Oktoba 2022. Mume wangu alifariki mwaka 2004, akaniachia ploti yenye vyumba sita vya wapangaji na jina lake zuri. Wapangaji nimewaongeza, jina nimelitunza. Ninawaambia haya ili mjue kwamba mwandishi wa barua hii hakuzoea kuambiwa amekosea.

Mlipokuja kunitembelea mwezi uliopita, mmoja wenu aliniambia, "Mathe, siku hizi kutapika baada ya operesheni ni hadithi. Unampiga tu ondansetroni, imeisha." Nilicheka, nikamwongezea chai. Haijaisha, mwanangu. Dawa ni nzuri sana. Tatizo liko kwa anayeamua nani apewe, lini, na amemuuliza nini kabla ya kumpa.

Nilipoanza mimi, dawa yetu kuu ilikuwa beseni. Kila kitanda kilikuwa na beseni lake la kijani, na ujuzi wa muuguzi ulipimwa kwa kasi ya kulifikisha mdomoni. Nilikuwa hodari. Niliweza kumsikia mgonjwa akimeza mate mara mbili upande wa pili wa chumba nikawa nimefika kabla ya mara ya tatu. Mate hayo yashikeni: anayemeza mate upesi upesi huku uso ukibadilika rangi hana dakika nyingi. Mgeuzeni ubavu kwanza, beseni baadaye. Kwa mgonjwa ambaye bado amelala nusu, matapishi yakiingia kwenye njia ya hewa ni hatari kubwa kuliko shuka kuchafuka.

Aliyenifundisha kwamba beseni ni dalili ya kazi iliyochelewa ni Bwana Wafula, mtaalamu wetu wa nusukaputi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kofia ya chumba cha upasuaji iliyoshonwa na mkewe kwa kitambaa cha maua.

"Sista," aliniambia siku moja, "wewe unasifiwa kwa kukimbia na beseni. Mimi nataka siku moja uketi."

"Nikiketi metroni atanifuta kazi."

"Atakufuta ukiketi na wagonjwa wanatapika. Uketi na hawatapiki."

Akanifundisha maswali manne, na ingawa leo mnayakuta yamechapishwa, jueni kwamba siku zile yalikaa kichwani mwa Wafula, nami niliyaandika nyuma ya pakiti za glavu. Je, mgonjwa ni mwanamke? Je, havuti sigara? Je, amewahi kutapika baada ya upasuaji, au hutapika safarini? Je, atahitaji dawa kali za maumivu za jamii ya mofini baada ya kuamka? Kila "ndiyo" ni mzigo mmoja. Mwenye mzigo mmoja au asiye nao kabisa huenda asihitaji kitu. Mwenye miwili apewe kinga. Mwenye mitatu au minne apewe dawa mbili za jamii tofauti, na nusukaputi yenyewe ibadilishwe ikiwezekana, gesi ipunguzwe au iachwe.

Swali la sigara lilinisumbua, nalo litawasumbua. Ni kweli kwamba wavutaji hutapika kidogo baada ya upasuaji. Niliwahi kulieleza hilo mbele ya akina mama wa kanisa letu, na mmoja wao, mwenye umri wa miaka sabini, akasimama: "Kwa hivyo Sista, Jumapili tuanze na pakiti ngapi?" Tangu siku hiyo ninauliza swali hilo bila kulifafanua, nanyi fanyeni hivyo hivyo.

Mama huyo huyo ndiye aliyenipa somo la deksamethasoni. Dawa hiyo ni ya bei nafuu na inafaa sana. Inahitaji muda ili ifanye kazi, kwa hiyo hutolewa mwanzoni, mgonjwa akishalala. Akishalala, nimesema. Tarehe 9 Novemba 2010 alikuja kutolewa kijiwe cha nyongo, Wafula akawa anaosha mikono, nami kwa bidii yangu nikaona nimwokoe dakika mbili. Nikaisukuma kwenye mshipa upesi, mama akiwa macho, akiimba pambio kwa sauti ya chini. Pambio lilikatika. Akaketi kitandani wima, macho yamemtoka.

"Nyambura! Umenitia pilipili!"

"Wapi, mama?"

"Huko! Huko ambako siwezi kutaja mbele ya huyu mwanaume!"

Wafula alikuwa amegeukia ukuta, mabega yakitetemeka. Alinieleza baadaye kwamba dawa hiyo ikiingia haraka kwa mtu aliye macho huleta mwasho mkali sehemu za siri, hupita kwa muda mfupi, na haina madhara ila kwa heshima. Mama alipona salama, hakutapika hata mara moja, na mpaka leo akiniona kanisani anahamia benchi la nyuma. Jambo jingine kuhusu dawa hiyo: hupandisha sukari, basi mwenye kisukari mtajeni kabla haijavutwa kwenye sindano.

Nimechelewesha kosa kubwa kwa kuwasimulia hili dogo. Sasa nifike.

Jumanne, tarehe 12 Aprili 2011, alikuja mwanamke wa miaka thelathini na minane, Mama Akinyi, mkazi wa Soweto West kule Kibera, muuzaji wa nguo za watoto za mitumba katika Soko la Toi. Alikuwa na ngiri ya kitovu, uvimbe wa ukubwa wa ndimu pale utumbo unaposukuma kwenye tundu la misuli, uliotokana na mimba nne na kubeba mabale mazito ya nguo. Kazi ilikuwa kuurudisha utumbo ndani na kushona tundu. Mimi ndiye niliyemuuliza maswali. Mwanamke, ndiyo. Sigara, hapana. Kupasuliwa, hajawahi.

"Unatapikanga kwa gari?"

"Hapana, Sista. Sijatapika kwa gari."

Mizigo miwili, basi, na dawa kali za maumivu zingekuwa mzigo wa tatu, lakini siku hizo ondansetroni ilikuwa chache kabatini, na tulimwekea yule ambaye historia yake ilitutisha. Historia ya Mama Akinyi haikumtisha mtu. Akapewa metoklopramaidi, dawa ya zamani isiyo na nguvu sana, kama kila mtu, akapasuliwa, akaletwa kwangu saa nne na nusu asubuhi.

Alitapika kuanzia saa tano kasorobo hadi saa kumi jioni. Nimewahi kuona watu wakitapika; huyu alikuwa akikunjwa. Kila mkunjo nilimwona akishika jeraha kwa mikono yote miwili. Katikati ya hayo nikafungua mkoba wake nikitafuta leso, nikakuta chupa ya plastiki ya uji, imebaki nusu.

Ninyi hamkuniona enzi hizo. Nilikuwa na sare iliyopigwa pasi mistari miwili mgongoni, na nilikuwa na wapangaji sita ambao kila mmoja alikuwa na hadithi ya kunieleza kila mwezi, hivyo nilijiona bingwa wa kutambua hadithi.

"Mama, asubuhi ulikula nini?"

"Sikukula."

"Umetoka Soweto West na miguu, saa nzima na zaidi, bila hata chai?"

"Ndiyo."

"Na huu uji umejipunguza?"

"Nilipea mtu."

"Mtu gani?"

Alifungua mdomo kunijibu, na jibu likaishia kwenye beseni. Sikungoja lingine. Nilichukua faili nikaandika, kwa Kiingereza nilichokipata kwa jasho, maneno ambayo kwa Kiswahili ni haya: *Mgonjwa alikula kabla ya upasuaji kinyume cha maagizo.* Nikatia sahihi, tarehe na saa. Mwandiko wangu ni mzuri. Yalisomeka vizuri mno.

Aliporudi kutolewa nyuzi, muuguzi wa kliniki alimsomea maneno hayo kwa sauti, mbele ya foleni nzima, kama onyo kwa wengine. Nilikuwa likizo. Sikuyajua hayo hadi mwezi wa kumi.

Jumamosi, tarehe 15 Oktoba 2011, nilikwenda Toi kutafuta mapazia. Nikapita mahali pa nguo za watoto na kumwona Mama Akinyi akiinua furushi kwa mkono mmoja, mkono wa pili ukiwa umebana kitovu. Ishara hiyo niliijua. Alikuwa ameanza kukibana hivyo kitandani kwangu.

"Mama Akinyi, imerudi?"

Akanitazama kutoka viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Ilirudi tangu Julai. Si uliandika ya kwamba nilikula? Basi nimekula, imerudi."

Jirani yake, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza soksi na anayeitwa Mama Brayo, akaona mchezo wa bure. "Huyu ndiye ule sista? Sista, wewe uliaibisha rafiki yangu mbele ya watu! Huyu hawezi danganya juu ya chakula. Huyu shida yake ni gari pekee."

"Gari gani?"

"Gari yoyote! Akinusa dizeli tu, anamwaga. Bale zake anafuata mpaka soko ya Gikomba na miguu, alafu anatembea nyuma ya mkokoteni kama mchungaji na kondoo. Sisi tunamuita Mama Lami."

Nikamgeukia Mama Akinyi kwa sauti ya sista, sauti ninayoijutia: "Lakini nilikuuliza! Uliniambia hujatapika kwenye gari!"

"Na sijatapika," akasema. "Sijapanda gari tangu mwaka wa 2002, nikienda kuzika baba. Kama sipandi, nitatapikia wapi?"

Mama Brayo alicheka hadi akaketi juu ya soksi zake. Mimi sikucheka. Nilisimama pale na mkoba mtupu mkononi, nikiona karibu miaka tisa ya watu wa kijiji cha Raila, wa Soweto West, wa kila kijiji cha Kibera, waliokuja kwetu kwa miguu na kunijibu "hapana" kwa ukweli mtupu. Nilikuwa nikiwauliza wanaotembea kuhusu kitu wasichokitumia, na kila "hapana" nikiihesabu kuwa kinga.

"Na uji?" niliuliza, kwa maana kiburi hakifi mara moja.

"Uliza askari yenu wa gate," akasema, akaendelea kukunja fulana.

Nilirudi nyumbani bila mapazia. Jumatatu nilipita langoni, na Bwana Mutiso, askari wa lango ambaye nilikuwa nikimsalimu kila siku kwa kichwa tu, akanisalimu. Nikasimama.

"Bwana Mutiso, mwezi wa nne kuna mgonjwa alikupa uji?"

Uso wake ukang'aa. "Ule wa wimbi? Na ndimu? Huyo mama ni mzuri sana. Alinikuta nimelinda usiku mzima, akaniambia hata yeye amekatazwa kukula, basi bora mtu afaidike. Alinimwagia nusu, nusu akasema atakunywa akiamka." Kisha akaniuliza kwa wasiwasi, "Kwani ilikuwa na shida, Sista?"

Nilimwambia uji haukuwa na shida.

Ningependa kuwaambia kwamba siku hiyo hiyo nilikwenda kwa metroni. Nilikaa kimya majuma matatu. Nilijiambia kwamba faili ni karatasi, kwamba mwanamke yule amekwisha sahau, kwamba nilikuwa na mengi. Wafula ndiye aliyenivunja, na alifanya hivyo kwa swali moja. Nilikuwa nikimsimulia kisa hicho kama kichekesho cha Mama Lami, naye akavua kofia yake ya maua.

"Beseni la siku hiyo," akasema, "ulilitazama?"

"Nililimwaga mara kumi."

"Ulilitazama, Sista?"

Nililikumbuka. Lilikuwa na nyongo ya njano na povu. Halikuwa na uji. Halikuwa na hata punje ya wimbi, na wimbi haufichiki. Ushahidi nilikuwa nimeubeba kwa mikono yangu mara kumi hadi sinki, huku nikiandika kinyume chake. Vijana, tazameni beseni kabla ya kumtazama mgonjwa kwa jicho baya.

"Tundu limefunguka," akasema Wafula. "Hakuna anayeweza kuapa kwamba ni kutapika kulikozirarua nyuzi. Lakini saa tano za kukunjwa hivyo? Utumbo ukinaswa pale siku moja na kukosa damu, huyo mama hatafika kwa miguu."

Tulimpigia simu aje ashonwe upya. Alikataa. Nilikwenda Toi mara mbili. Mara ya pili alimwambia Mama Brayo aniambie kwamba hayupo, akiwa amesimama mbele yangu. Sharti lake lilikuwa moja: maneno yale yatoke kwenye faili kwanza. Nikaenda kwa metroni, mama mwenye haki na mkavu kama kitabu cha sheria. Akaniambia kwamba faili haifutwi na mtu mmoja, marekebisho ya tuhuma dhidi ya mgonjwa hupitia kikao cha kumbukumbu, na kikao kingeketi mwisho wa Machi. Nilimwambia ngiri haina ratiba. Akasema kikao kinayo.

Kilichomleta hatimaye si mimi. Mwanzoni mwa Machi 2012 uvimbe ulikataa kurudi ndani kwa saa mbili, akalala sakafuni pa kibanda chake akiogopa. Uliporudi wenyewe, alituma ujumbe kupitia Mama Brayo. Nilikwenda Soweto West mwenyewe nikiwa na karatasi niliyoiandika kwa mkono: kwamba mimi, Sista Nyambura, niliandika jambo ambalo halikuwa kweli, na kwamba nitalisema hivyo mbele ya kikao. Alimpa bintiye Akinyi aisome mara mbili.

"Na nikitapika tena?" akauliza. "Si watasema nimekula tena? Na si itapasuka tena?"

Hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa alichokuwa akikiweka mikononi mwetu: tumbo lake na neno lake, vyote kwa siku moja.

"Tutafanya tofauti," nilisema.

"Unaapa?"

Nilitaka kuapa. Lakini Wafula alikuwa amenifundisha kwamba hakuna dawa ya kichefuchefu inayoapa. Zote hupunguza, hakuna inayofuta. Nikamwambia hivyo. Nadhani ndiyo maana alikubali.

Jumanne, tarehe 13 Machi 2012, alifika akiwa ametembea, na Mutiso alisimama langoni akiangalia mkoba wake. "Hakuna uji leo," Mama Akinyi akamwambia. "Nimefunga, na wewe utafunga." Tulikuwa tumemruhusu maji matupu hadi zibaki saa mbili kabla ya nusukaputi, jambo ambalo zamani tulilikataza bila sababu, kumbe mwili mkavu hutapika zaidi. Nilihesabu mizigo upya: minne kwa minne. Wafula alimlaza kwa dawa ya mshipa badala ya gesi. Akishalala, deksamethasoni. Daktari alipokuwa akikaribia kushona ngozi, ondansetroni, kwa kuwa hiyo hufanya kazi vizuri ikitolewa karibu na mwisho. Jeraha likadungwa dawa ya ganzi, akapewa parasetamoli, ili mofini isihitajike au ihitajike kidogo. Nami nilikuwa nimeweka mezani dawa ya tatu ya jamii nyingine, maana kinga ikishindwa hamrudii dawa ile ile saa chache baadaye, mnabadilisha jamii. Vijana wengi hurudia ile ile wakishangaa haifanyi kitu.

Aliletwa kwangu saa nne na dakika ishirini. Nilikaa kando ya kitanda, beseni sakafuni, macho yangu kooni mwake.

Saa nne na dakika hamsini alimeza mate.

Nikasimama. Akameza mara ya pili. Nikararua pakiti ya pamba ya spiriti, ile ya kufutia ngozi kabla ya sindano, nikaiweka chini ya pua yake. "Vuta polepole kwa pua, mama. Tena. Tena." Hili si uganga, harufu hiyo husaidia kichefuchefu kinachoanza, na hununua dakika za kuvuta dawa. Alivuta. Sikuruhusu mtu kukisukuma kitanda wala kumketisha. Mate ya tatu hayakuja. Rangi ikarudi mdomoni. Akafungua jicho moja.

"Sista."

"Naam."

"Hiyo kitu inanuka kama gari."

"Unataka kutapika?"

Akafikiri kama mtu anayeulizwa bei. "Hapana," akasema. "Nataka uji."

Saa sita mchana aliupata. Niliketi. Wafula alichungulia mlangoni, akaona nimeketi, akaondoka, na ile kofia ya maua ikagonga fremu ya mlango.

Kikao cha kumbukumbu kilikutana Ijumaa, tarehe 30 Machi 2012, saa nane alasiri, katika chumba cha chai. Walikuwamo metroni, daktari mpasuaji, Wafula, karani wa mafaili, na mimi nikiwa nimesimama. Mama Akinyi alipewa kiti; alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na mkono haukushika kitovu. Mutiso aliitwa, akavua kofia, akasema aliupokea uji saa kumi na mbili na robo asubuhi, kwamba ulikuwa wa wimbi wenye ndimu, na kwamba yuko tayari kuthibitisha tena ikihitajika. Metroni akaandika bila kutabasamu. Kisha nikasema langu. Nilisema nililiona beseni na sikulitazama, nilianza kupewa jibu na sikulingoja.

Metroni alichukua rula na kuchora mstari mmoja tu juu ya maneno yangu manane, ili yaendelee kusomeka. Ndivyo faili husahihishwa. Kando yake akaandika kwamba taarifa hiyo haikuwa sahihi, kwamba mgonjwa alizingatia maagizo yote, na kwamba alitapika kwa sababu hospitali haikumpa kinga iliyomfaa. Tukatia sahihi sote watano. Mama Akinyi akaomba yasomwe kwa Kiswahili. Yaliposomwa akaomba yasomwe tena, na mara hii Mutiso ndiye aliyetikisa kichwa kukubali kila neno.

Kisha ikaja fomu yetu ya maswali manne. Sehemu ya safari katika swali la tatu iliondolewa, na mahali pake likaandikwa hili mnalolikuta mpaka leo: *Mara ya mwisho kupanda gari ilikuwa lini, na ulijisikiaje? Kama hupandi, ni kwa nini?* Metroni akapiga muhuri, akafunga faili, na kwa mara ya kwanza nikamwona akitabasamu.

"Basi, Mama Akinyi, jambo limekwisha rasmi. Usijichoshe na hilo kovu. Dereva wetu atakurudisha nyumbani na gari la hospitali."

Wafula alikitazama kikombe chake. Mama Akinyi alimtazama metroni, akaitazama fomu ambayo wino wake ulikuwa haujakauka, akaturudia sisi mmoja mmoja.

"Mmeandika saa hii," akasema, "na mmesahau saa hii."

Daktari ndiye aliyeanza kucheka, na metroni ndiye aliyemaliza. Mimi nilikwenda kabatini, nikavua viatu vya kazi, nikavaa raba. Tulitoka saa tisa na dakika kumi, Mama Akinyi na mimi, tukielekea Soweto West. Mutiso alituona tukija. Aliacha kile kilango kidogo cha waenda kwa miguu, akashika vyuma kwa mikono yote miwili, na akatufungulia lango zima, kama afanyavyo gari likipita.